Taa Asiyoiona Dereva

Msikilizaji anayepita Remera jioni anaijua saa yenyewe. Kigali iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na likishazama giza halichelewi. Kwa wakati huo barabara ya kutoka Kisimenti kwenda Giporoso na Kanombe hujaa kila aina ya chombo: mabasi yanayotoka kituoni, pikipiki za abiria, malori, na zile Toyota Hiace ambazo Wanyarwanda huziita twegerane. Siku yenye mechi Uwanja wa Amahoro au tamasha BK Arena, foleni husogea kidogo kidogo, breki ikikanyagwa na kuachwa, ikikanyagwa na kuachwa. Katika mwendo huo kila dereva anatazama kitu kimoja, taa nyekundu za gari lililo mbele yake. Zile za gari lake mwenyewe hazioni.

Ugumu wote wa taa za nyuma unaanzia hapo. Taa ya mbele ikiungua, dereva anajua usiku uleule, kwa sababu barabara imeingia giza upande mmoja. Taa ya breki ikiungua, hakuna kinachobadilika machoni pake. Gari linasimama vilevile, pedali inakanyagika vilevile, abiria wanashuka salama. Anayejua kwamba kuna kasoro ni yule wa nyuma, na mara nyingi anaijua akiwa amebakiza mita chache za kusimamia.

Remera ni mahali panapofaa kuzungumzia jambo hili kwa sababu ndipo kilipo kituo cha Polisi ya Taifa ya Rwanda cha kukagua magari, ambacho wengi mjini wanakijua kwa jina la kontroli tekiniki. Gari hupitishwa kwenye mashine za kupima breki, taa za mbele na moshi, na chini yake hukaguliwa na fundi aliye shimoni. Taa za nyuma nazo huangaliwa moja moja: za kawaida, za breki, za indiketa, ya kurudi nyuma, na ile inayomulika namba ya gari. Gari la abiria au la biashara huenda huko kila baada ya miezi sita, na gari la mtu binafsi mara moja kwa mwaka. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine kuna usiku mwingi, na balbu haingoji tarehe ya cheti ndipo iungue.

Kwa hiyo siku chache kabla ya ukaguzi, magaraji hupata kazi. Kisa kinachojirudia ni hiki. Dereva wa Hiace analalamika kwamba taa ya breki ya kushoto haiwaki sawasawa. Fundi anafungua kioo cha taa, anatoa balbu, anaweka mpya. Breki inakanyagwa: taa inawaka kwa unyonge, na pembeni yake indiketa nayo inatoa mwanga hafifu ingawa hakuna aliyeigusa. Balbu ya pili inanunuliwa, ya tatu, kisha taa nzima inabadilishwa. Hali inabaki ileile. Mwishowe linatolewa neno linalofunga mjadala wote, kwamba gari lina shida ya umeme.

Gari lina shida ya umeme, ni kweli, lakini shida hiyo ina mahali pake, na mahali hapo panapatikana kwa kupima. Fedha nyingi zinazopotea kwenye taa za nyuma hupotea kwa sababu kununua kumetangulia kupima.

Tuanze na balbu yenyewe. Magari mengi ya rika la Hiace za zamani hutumia balbu iliyoandikwa P21/5W. Ndani yake kuna nyuzi mbili. Uzi mmoja ni wa wati 5, nao huwaka taa zinapowashwa usiku. Wa pili ni wa wati 21, nao huwaka breki inapokanyagwa. Ndiyo maana mtu wa nyuma huona wekundu uleule ukiongezeka nguvu ghafla. Kitako cha balbu kina vichwa viwili vya kupokea umeme, kimoja kwa kila uzi, lakini njia ya kuutoa ni moja. Umeme ukishapita kwenye uzi wowote, hutokea kwenye ganda la chuma la balbu, huingia kwenye waya mmoja uliofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, na kupitia bodi hiyo hurudi upande wa hasi wa betri. Mafundi waliozoea msamiati wa Kifaransa huuita waya huo masi. Kwenye magari mengi, taa zote za upande mmoja wa nyuma hutumia masi moja.

Sasa fikiria bolti ile imeshika kutu. Kigali ina misimu miwili ya mvua, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Desemba, na katikati yake kuna vumbi la kiangazi. Maji hupenya kwenye mpira wa taa uliokauka, unyevu hukaa nyuma ya taa, na pale waya unapogusa bodi panageuka kijani au kahawia. Umeme ni kama maji ya mfereji: ukiziba tundu la kutokea, hutafuta upenyo mwingine. Ukizuiwa kwenye masi, unaotoka kwenye uzi wa breki hurudi kinyume kupitia uzi wa indiketa, huenda hadi balbu ya indiketa ya mbele, na huko ndiko hupata bodi. Mwingine hupita kwenye uzi wa wati 5 na kuzunguka hadi taa ya upande wa pili au taa za dashibodi. Kila uzi unapata sehemu ndogo tu ya umeme, kwa hiyo taa zisizohusika zinawaka kwa unyonge na taa inayohusika inafifia. Balbu mpya haiwezi kutibu hilo, kwa sababu balbu haikuwa mgonjwa.

Kuna sura moja ya kasoro hii ambayo ni ya hatari zaidi, na inafaa kila dereva aijue. Usiku, taa zikiwa zimewashwa na breki haijakanyagwa, uzi wa wati 5 unaweza kupata njia kupitia uzi mnene wa breki na ule wa upande wa pili, na ukawaka karibu kama kawaida. Mtu akizunguka nyuma ya gari anaona taa mbili nyekundu na kuridhika. Breki ikikanyagwa, njia ile inajaa umeme kutoka upande wa swichi ya breki, uzi mdogo unakosa pa kutokea, na taa ya upande huo inafifia au inazimika kabisa. Yaani wakati gari linapunguza mwendo, wekundu unapungua mahali ambapo ulipaswa kuongezeka. Anayekuja nyuma anaona taa moja ikinyong'onyea, na hana namna ya kujua kwamba hiyo ndiyo breki.

Kipimo chake hakihitaji mashine ya gharama. Chukua kipande cha waya, gusisha ncha moja kwenye ganda la chuma la soketi ya balbu na ncha ya pili kwenye chuma kisafi cha bodi, kisha mtu akanyage breki. Taa ikiwaka kwa nguvu, mwenye kosa ameshapatikana. Fundi mwenye mita atafanya vizuri zaidi: ncha moja kwenye ganda la soketi, nyingine kwenye hasi ya betri, breki imekanyagwa. Mita ikisoma volti 0.1 au 0.2, masi ni nzima. Ikisoma volti mbili, tatu au zaidi, hizo ni volti zilizokwama njiani badala ya kufanya kazi kwenye balbu. Tiba ni kufungua bolti, kupiga msasa mpaka chuma king'ae, kukaza upya, na kupaka grisi kuzuia maji. Mtu asidharau upungufu mdogo. Kwa balbu ya uzi, volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30.

Masi ni mshukiwa mkubwa, lakini si wa pekee. Fundi hodari huanza kwa kuuliza kabla ya kushika bisibisi: ni taa zipi hasa zinazokataa? Zikiharibika zote za upande mmoja, macho yaende kwenye masi au soketi ya upande huo. Ikikataa moja tu, balbu au kitako chake. Zikizimika za breki pande zote mbili huku za usiku zikiwaka, haielekei kwamba balbu mbili zimeungua pamoja, kwa hiyo atazame fyuzi na swichi iliyo kwenye pedali. Kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo imeandikwa STOP, na ile ya taa za usiku imeandikwa TAIL, hivyo moja inaweza kukatika na nyingine ikabaki. Taa ya tatu ya breki, ile ya juu ya kioo cha nyuma, nayo ni shahidi mzuri. Ikiwa hiyo inawaka na zile mbili za chini hazifanyi lolote, kwa kawaida swichi na fyuzi ni salama, na kosa liko baada ya hapo.

Swichi ya breki inastahili maneno yake. Ni kitu kidogo juu ya pedali, kina kichwa kinachobonyezwa pedali inapokuwa juu. Mguu ukikanyaga, kichwa kinachomoka na taa zinawaka. Kwenye magari mengi ya Asia, kichwa hicho hugusa kipande kidogo cha plastiki au mpira kilichopachikwa kwenye mkono wa pedali. Miaka ikipita kipande hicho hukauka, huvunjika na kuanguka sakafuni. Kichwa cha swichi kinaingia kwenye tundu tupu, na taa za breki zinabaki zikiwaka mchana na usiku hata gari likiwa limezimwa. Asubuhi dereva anakuta betri imekufa na kwenda kununua nyingine, ilhali mabaki ya kile kipande yako chini ya kapeti. Madhara ya barabarani ni makubwa kuliko ya betri: gari lenye taa za breki zisizozimika halina tena namna ya kusema kwamba linasimama.

Fyuzi ikikatika mara moja, ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile. Ikikatika tena, isibadilishwe tena mpaka sababu ipatikane. Hesabu ni rahisi: balbu mbili za wati 21 kwa volti 12 hula ampea 3.5 tu, na fyuzi ya ampea 10 ina nafasi kubwa juu ya hapo. Ikikatika, kuna waya unaogusa bodi mahali fulani, yaani shoti. Kuweka fyuzi kubwa zaidi au kuizungushia karatasi ya pakiti ya sigara ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya uliopita chini ya viti vya abiria. Njia salama ni kutoa balbu za taa zile, kisha kuunganisha balbu moja ya wati 21 mahali pa fyuzi na kukanyaga breki. Shoti ikiwapo, balbu hiyo itawaka kwa nguvu. Fundi anazitikisa nyaya kipande kwa kipande kuelekea nyuma, na pale balbu inapofifia au kuzimika, amefika.

Kwenye gari la aina ya Hiace, mahali pa kwanza pa kutikisa ni bawaba za mlango wa nyuma. Mlango huo hufunguliwa na kufungwa siku nzima, mizigo ikiingia na kutoka, na nyaya za taa ya namba na za taa ya tatu ya breki hujikunja kila mara ndani ya bomba la mpira. Kwa nje bomba linaonekana zima, lakini ndani shaba imekatika uzi kwa uzi. Hapa mita peke yake inaweza kumdanganya fundi. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 kamili kwenye mita, kwa sababu mita hainywi umeme wa maana. Ukiwekewa mzigo wa balbu ya wati 21, hauna nguvu. Kwa sababu hiyo testa ya balbu halisi ina heshima yake mpaka leo, hata kwa fundi mwenye mita ya kisasa.

Yapo pia makosa yanayoletwa na mikono ya watu. Balbu yenye uzi mmoja, P21W, ikilazimishwa kwenye soketi ya nyuzi mbili, kichwa chake kipana huunganisha njia mbili zilizopaswa kutengana. Tangu siku hiyo, breki ikikanyagwa taa za dashibodi nazo zinawaka. Balbu za LED za bei nafuu zina mambo yake pia. Nyeupe zikiwekwa nyuma ya kioo chekundu, wekundu unaopenya huwa hafifu, kwa maana kioo hicho huzuia sehemu kubwa ya mwanga mweupe. Kwenye indiketa, kwa kuwa LED hula umeme kidogo, kifaa cha kumweka hudhani balbu imeungua na kuanza kwenda mbio, wakati kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka indiketa imweke kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Kinyume chake, kuna kasoro ambayo si kasoro. Rwanda huendesha upande wa kulia, na miongoni mwa magari yake yamo yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya. Ulaya gari lazima liwe na taa nyekundu kali ya ukungu nyuma, na inaporuhusiwa kuwa moja, hukaa kushoto kwa nchi zinazoendesha kulia. Mara nyingi upande wa pili, mahali palepale, ndipo panapowekwa taa nyeupe ya kurudi nyuma. Dereva anayeona weupe upande mmoja na wekundu mkali upande mwingine huamini taa zimechanganywa, na fundi asiyejua huanza kukata nyaya zilizokuwa nzima.

Mtu anaweza kuuliza kama taa hizi ndogo zinastahili maneno mengi hivi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1974, mwanasaikolojia wa Marekani John Voevodsky alifunga taa ya ziada ya breki kwenye teksi 343 za eneo la San Francisco, akaacha 160 bila taa hiyo ili alinganishe. Baada ya miezi kumi, teksi zenye taa ya ziada zilikuwa zimegongwa kwa nyuma kwa kiwango cha chini kwa asilimia 60.6. Kuanzia magari madogo ya mwaka 1986, Marekani ikaifanya taa ya tatu kuwa lazima. Watu walipoizoea faida ilipungua, na tathmini ya mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo iliyotolewa mwaka 1998 iliiweka kwenye asilimia 4.3. Hata hiyo iliyobaki ni maelfu ya migongano kila mwaka iliyoepukwa kwa balbu moja.

Tulete hesabu hiyo Remera. Magari ya abiria nchini Rwanda yamefungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hukata karibu mita 17 kila sekunde. Balbu ya uzi huchukua takriban sehemu mbili za kumi za sekunde zaidi ya LED kufikia mwanga wake kamili, na katika muda huo gari la nyuma limeshasogea zaidi ya mita tatu. Hapo tunazungumzia balbu nzima. Taa iliyofifia humfanya dereva wa nyuma asite na kujiuliza, na kila sekunde ya kusita ni mita nyingine 17. Mteremko wa kutoka Remera kushuka Sonatubes, barabara ikiwa na maji, hauna mita za kugawa.

Kujikagua hakungoji fundi. Dereva aliye peke yake anaweza kurudi nyuma mpaka karibu na ukuta jioni na kutazama kwenye vioo wekundu unaopiga ukutani, kwanza bila breki kisha kwa breki, kushoto na kulia. Anaweza kuiweka simu nyuma ya gari ikirekodi video huku yeye akikanyaga pedali na kuwasha indiketa moja moja. Jambo la lazima ni kujaribu taa zikiwa pamoja: za usiku, breki na indiketa kwa wakati mmoja. Masi mbovu hujificha kila taa inapojaribiwa peke yake, na hujitokeza zinapoulizwa zote kwa mara moja.

Polisi ya Rwanda imekuwa ikiendesha kampeni ya Gerayo Amahoro tangu 2019, ikiwataka watumiaji wa barabara wafike salama. Vyama vya ushirika vya usafirishaji, ambavyo vimejiunga katika shirikisho la RFTC, vina nafasi ya kuongeza kitu kisichogharimu faranga. Kituoni, magari hupanga mstari yakisubiri abiria, na nyuma ya kila gari yupo dereva mwingine aliyekaa akilitazama. Ushirika ukiweka desturi kwamba kabla ya saa kumi na mbili jioni kila aliye kwenye mstari akanyage breki na kuwasha taa zote, na wa nyuma yake ampe jibu, kila gari litakuwa limekaguliwa na jicho lililo mahali sahihi, tena kila siku. Kasoro itakayoonekana iandikwe kwa maneno ya wazi, kwa mfano: kushoto inafifia breki ikikanyagwa. Fundi atakayepokea maelezo hayo atajua aanze na bolti ya masi ya kushoto, na huenda asihitaji kuuza balbu hata moja.